Mombasa Haina Zama Kabla ya Wageni

Kuna namna ya kuizungumzia Mombasa iliyozoeleka barazani, arusini na hata katika hotuba za wanasiasa wa Pwani. Zamani, husemwa, huu ulikuwa mji wa watu wanaojuana. Aliyepita Ndia Kuu aliamkiwa kwa jina la baba yake, Kimvita kilisemwa kwa ufasaha, na kila nyumba ilikuwa na mwenyewe. Kisha wakaja wageni, mji ukafurika, ardhi ikauzwa, na kilichobaki ni Mji wa Kale unaochakaa kando ya Ngome ya Yesu ilhali uzito wote wa kisiwa umehamia Kilindini na bara. Uchungu ulio ndani ya maneno hayo ni wa kweli na haufai kubezwa. Ila ukiyapima kama maelezo ya historia, yana kasoro kubwa: yanachukulia kwamba palikuwa na Mombasa iliyokwisha kukamilika, ndipo wageni wakaikuta. Ushahidi tulio nao, wa chini ya ardhi, wa maandishi na wa masimulizi ya wenyeji wenyewe, unatuonyesha mji uliojengwa na kujengwa tena na watu wanaokuja, tangu siku za mwanzo kabisa zinazojulikana. Ikiwa ndivyo, basi wingi wa wageni hautoshi kueleza kilichoharibika Mombasa katika karne iliyopita na ushei. Sababu yake itafutwe kwengine.

Tuanze na ardhi. Mwaka 1976 Hamo Sassoon alichimba katika kiwanja cha Hospitali Kuu ya Pwani, kaskazini ya Mji wa Kale, akakuta mabaki ya makazi ya tangu kama miaka elfu moja iliyopita. Kumbe sehemu ya Mombasa ya kwanza imelala chini ya wodi na maegesho ya magari, nje ya vichochoro ambavyo mtalii huonyeshwa kuwa ndivyo vya kale. Masimulizi nayo hayasemi kwamba mji ulichipuka wenyewe. Yanamtaja kwanza Mwana Mkisi, malkia wa Kongowea, halafu Shehe Mvita, aliyekuja na enzi mpya juu ya mji uliokuwapo, na jina lake likabaki kuwa jina la mji. Wenyeji wangeweza kusimulia mwanzo mmoja tu ulio safi. Walichagua kukumbuka miwili, wa pili ukiwa umewekwa juu ya wa kwanza. Ibn Battuta, aliyepita mwaka 1331, alikuta watu wa ndizi na samaki, wenye misikiti ya mbao iliyojengwa kwa ustadi, ambao nafaka yao ililetwa kutoka bara. Mji ambao hata chakula chake huvuka maji hauwezi kuishi kwa kujifungia, na Mombasa haikujaribu.

Halafu kuna moto. Agosti 1505 Mreno Francisco de Almeida aliuteka mji, akaupora na kuuteketeza. Hans Mayr, Mjerumani aliyekuwa katika msafara huo, ameacha maelezo ya alichokiona: nyumba za mawe za ghorofa zilizopakwa chokaa, njia nyembamba zilizobanwa zaidi na vibaraza vya mawe mbele ya milango, na katikati yao nyumba za mbao na makuti zilizoshika moto upesi. Mji ulisimama tena. Mwaka 1528 Mreno mwingine, Nuno da Cunha, akaja, akakaa kwa miezi, na alipoondoka mwaka uliofuata akauacha umeungua. Ukasimama tena. Mwaka 1589 Tomé de Sousa Coutinho alikuja kumwandama Ali Bey, nahodha wa Kituruki aliyekuwa amepokewa kisiwani, na wakati huohuo Wazimba wakavuka kutoka bara na kuua walichoweza kuua. Mara tatu katika muda usiofika miaka tisini, Mombasa ilikaribia kufutika. Kila mara walioijenga upya walikuwa mchanganyiko wa walionusurika na waliokuja kujaza nafasi za waliokufa. Hata enzi iliyofuata ilitoka nje: Wasegeju waliwashinda Wazimba, na mtawala wa Malindi, mwandani wa Wareno, akahamishia kiti chake Mombasa. Ngome iliyoanzwa kujengwa mwaka 1593 kwa ramani ya Giovanni Battista Cairati ilikuja pamoja na mapinduzi hayo. Na kutoka ukoo huohuo wa Malindi alizaliwa Yusuf bin Hasan, aliyelelewa Goa, akabatizwa, kisha mwaka 1631 akawageukia Wareno na kuwaua ndani ya ngome yao. Kumbukumbu ya mji imemfanya shujaa wake bila kumuuliza nasaba.

Ushahidi ulio wazi kuliko wote umo katika orodha ambayo wenyeji wenyewe huitoa wakiulizwa nani hasa ni mtu wa Mombasa. Ni Thenashara Taifa: Thelatha Taifa, yaani Wakilindini, Watangana na Wachangamwe, na Tisa Taifa, wakiwamo Wamvita, Wajomvu, Wakilifi, Wamtwapa, Wapate, Wapaza, Washaka, Wabajuni na Wakatwa. Isomeni orodha hiyo polepole. Kilifi, Mtwapa, Pate, Paza na Shaka ni miji mingine ya mwambao, na wenye majina hayo walikuja wakiyabeba. Wengi walisukumwa na mashambulizi ya Waoromo katika karne ya 16 na ya 17, miji yao ya bara ilipohamwa mmoja baada ya mwingine. Wakimbizi hao hawakulazimika kuficha walikotoka ili wahesabiwe wenyeji. Asili yao ya ugenini ndiyo iliyokuwa cheti chao cha uenyeji, kwa sababu kila taifa liliingia likiwa kundi lenye wazee wake, mtaa wake, na mahusiano yake na watu wa Mijikenda waliolilisha na kulilinda kutoka bara. Juu yao walikaa wakuu wawili walioitwa matamimu, mmoja wa Tisa na mmoja wa Thelatha. Kwa hiyo hata katiba ya mji, tukiruhusiwa kuiita hivyo, ilikuwa mapatano baina ya makundi ya waliohamia.

Mji ulikuwa na njia zake za kumfanya mgeni awe wa hapa. Alipewa mtaa au aliununua. Alioa au aliozesha. Alijenga msikiti au aliswali katika wa jirani. Alizika maiti wake. Ukipita kati ya Kibokoni, Kuze na Ndia Kuu, misikiti yenyewe inasomeka kama daftari la waliofika: Wamandhry na wa kwao, Basheikh na wa kwao, Wabohra na wa kwao, na kule Makadara msikiti wa Wabaluchi wa mwaka 1875, wa jamii iliyokuja kama askari wa Sultani. Wamazrui ni mfano mkubwa zaidi. Walitoka Oman wakiwa maliwali wa dola iliyokuwa imewang'oa Wareno ngomeni mwaka 1698. Ukoo wa Busaidi ulipotwaa enzi huko Oman katika miaka ya 1740, Wamazrui wa Mombasa walikataa kuutii, na kwa takriban miaka mia moja walitawala kwa kuzitia mizani taifa kumi na mbili. Seyyid Said wa ukoo huo wa Busaidi alipoukabili mji mwanzoni mwa karne ya 19, waliousimamia dhidi ya Oman walikuwa watu wa asili ya Oman, na sauti ya mji ilikuwa ya Muyaka bin Haji, mshairi aliyewatetea kwa ulimi mkali. Mwaka 1837 Mombasa iliangukia mikononi mwa Seyyid Said, na wakubwa wa Kimazrui wakapelekwa kifungoni. Lakini mashairi ya Muyaka hayakukamatwa. Yalikaa vifuani mwa watu hadi Mwalimu Sikujua alipoyakusanya akishirikiana na mmisionari W. E. Taylor, na mwaka 1940 William Hichens akayatoa kitabuni. Miaka mia moja baada ya kufa kwa mshairi, mji ulikuwa bado unaikumbuka vita ambayo ulishindwa.

Na nyumba je? Wengi huamini kwamba kuta na roshani za Mji wa Kale ndizo shahidi wa Mombasa ile ya awali. Sehemu kubwa ya nyumba zinazosimama leo zilijengwa mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa ya 20. Roshani za mbao zilizochongwa, ambazo picha za utalii haziishi kuzitafuta, zimebeba mkono wa mafundi na fedha za wafanyabiashara waliotoka Bara Hindi, nyingi zikiwa za zama zilezile ambazo reli ya Uganda ilianza kutandazwa kutoka kisiwani mwaka 1896. Sura tunayoiita ya kale ina umri unaolingana na reli, na ililetwa na watu ambao katika wakati wao waliitwa wageni. Sisemi haya ili kuipunguzia heshima. Ninasema kwamba anayeililia roshani ya Kihindi kama alama ya mji uliokuwa haujaguswa na wageni analilia kazi ya wageni.

Hapa msomaji makini atanizuia, na ana haki. Atasema: waliokuja kabla ya himaya ya Waingereza ya 1895 waliingia kwa masharti ya mji, na waliokuja baadaye waliingia kwa masharti ya dola. Mkimbizi wa Kilifi aliomba mahali. Afisa wa himaya alichora ramani. Hoja hii ni nzito, na kwa kweli inathibitisha ninachokisema. Tuangalie yaliyotendeka. Mwaka 1905 makao makuu ya himaya yalihamishiwa Nairobi, na maamuzi juu ya Mombasa yakaanza kufanywa mbali nayo. Sheria ya hati za ardhi ya mwaka 1908 ilimtaka kila mwenye kudai ardhi ya Pwani alete madai yake yaandikwe. Isiyodaiwa, au iliyodaiwa bila kuthibitishwa, ikawa ya Serikali ya Mfalme. Umiliki wa pamoja uliotegemea ushahidi wa wazee na mipaka ya miembe haukuwa na nguvu mbele ya karatasi. Ardhi ya kisiwa, hasa upande wa Kilindini uliongojewa bandari, ikawa bidhaa. Gati za maji marefu zilipoanza kufanya kazi Kilindini katika miaka ya 1920, Bandari ya Kale ikabaki na majahazi yaliyokuja na kaskazi na kurudi na kusi, na kadiri miaka ilivyosonga nayo yakapungua. Aliyepoteza shamba au kiwanja chake katika kipindi hicho hakunyang'anywa na kuli aliyeshuka garimoshi akitafuta kibarua. Alishindwa na sheria iliyokuwa haina nafasi ya kuutambua ushahidi wake. Kumlaumu kuli kwa kazi ya msajili wa ardhi ni kosa la historia, na pia ni dhuluma.

Isitoshe, kuli huyo hakukuta milango imefungwa. Nje kidogo ya Mji wa Kale ilikua mitaa ya Majengo kwa utaratibu ambao Mombasa inaujua vyema: mwenye ardhi hukodisha kiwanja, na mpangaji hujenga nyumba yake juu ya ardhi isiyokuwa yake. Nyumba hizo za Kiswahili, zenye ukumbi katikati na vyumba huku na huku, zilikodishwa chumba kimojakimoja kwa Wataita, Wakamba, Waluo, Wakikuyu na wengine waliofanya kazi bandarini na relini. Wenye nyumba wengi walikuwa wanawake, ambao kodi ya vyumba iliwapa uhuru wasioupata kwa njia nyingine. Waliohamia wakajifunza lugha, baadhi wakasilimu, wakaoa na kuolewa. Ilipofika Januari 1947, wafanyakazi zaidi ya 15,000 waligoma kwa siku kumi na mbili, mji mzima ukasimama, na Chege Kibachia akaongoza chama kilichozaliwa katika mgomo huo. Mgomo wa ukubwa ule haufanyiki na watu wasioweza kusemezana. Walikuwa na Kiswahili, walikuwa na ujirani, walikuwa na viwanja vya kukutania. Uwezo wa mji wa kumweka mgeni mahali pake ulikuwa bado unafanya kazi, ijapokuwa chini ya utawala usioutaka na juu ya ardhi ambayo mwenye nyumba aliweza kuondoshwa wakati wowote.

Pingamizi la pili linanigusa zaidi, kwa sababu linaielekea hoja yangu moja kwa moja. Nikisema Mombasa ilijengwa na waliokuja, nitaulizwa: na waliofungwa kamba je? Watu wengi walioletwa kisiwani na katika mashamba yaliyokizunguka hawakuja, waliletwa. Hadhi ya utumwa haikufutwa kisheria katika Pwani ya Kenya hadi 1907. Kuusifu mji kwa ukarimu wake na kulinyamazia hilo ni kuuficha ukweli. Nakubali kabisa, na ndiyo sababu neno ukarimu nimeliepuka hadi hapa. Mji ulimpa kila anayefika nafasi, lakini nafasi hazikuwa sawa: kulikuwa na mwungwana, kulikuwa na mzalia wa nasaba ya kitumwa, kulikuwa na mtumwa, na Thenashara Taifa yenyewe ilikuwa uzio wa kuwatenga wengine pamoja na kuwa mapatano. Ushahidi mzuri kuliko wote wa jambo hili tumeachiwa na wanawake. Sarah Mirza na Margaret Strobel waliyarekodi katika miaka ya 1970 masimulizi ya wanawake watatu wa Mombasa, kisha wakayachapisha. Bi Kaje wa Mwenye Matano alisimulia akiwa mtu wa Thenashara Taifa. Mishi wa Abdala alisimulia akitoka jamaa iliyoonja utumwa. Mji ni mmoja, miaka ni ileile, na kumbukumbu hazilingani. Vyama vya ngoma ya lelemama vilivyoshindana kwa nyimbo na maandamano viliwakutanisha wanawake wa nasaba zilizokuwa zimetengana, na wenye asili ya utumwa wakajipatia humo hadhi iliyokataliwa nyumbani mwa mabwana. Ng'ambo ya maji, Kisauni, Freretown iliyoanzishwa na wamisionari mwaka 1875 kwa ajili ya waliokombolewa imeacha mnara wake wa kengele, na mahali pale bado panaitwa Kengeleni. Hiyo nayo ni Mombasa, na haina roshani hata moja.

Linabaki pingamizi la wahifadhi. Watasema kumbukumbu inahitaji mahali pa kushikia; nyumba ikibomolewa, masimulizi yake hufuata, na baada ya kizazi kimoja hakuna ajuaye nani aliishi wapi. Hilo lina ukweli, na kazi iliyofanywa inastahili shukrani. Ngome iliyokuwa jela kwa zaidi ya miaka sitini ilikarabatiwa kwa msaada wa taasisi ya Gulbenkian ya Ureno na kufunguliwa kuwa makumbusho mwaka 1960. Mwaka 2011 ikaingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Mji wa Kale nao ulitangazwa eneo la hifadhi mwanzoni mwa miaka ya 1990. Lakini jiwe halikumbuki lenyewe. Ngome imesimama imara tangu karne ya 16, na wenye bendera waliopita humo, Wareno, Waomani, Waingereza, kila mmoja aliisomesha historia yake. Mashairi ya Muyaka hayakuwa na ukuta, na yamehifadhi fikra za Mombasa ya 1820 kuliko chumba chochote ngomeni. Mwaka 2018 serikali ya kaunti iliagiza majengo ya katikati ya mji yapakwe nyeupe na buluu. Rangi iliweza kufanya barabara zifanane, lakini haikuweza kumzuia mrithi aliyeshindwa na gharama za boriti na chokaa asiuze. Wakf uliweza. Nyumba iliyowekwa wakf kwa msikiti au kwa kizazi haiuziki, na hutoa kodi ya kutunza alichokikusudia mwenye kuiweka. Ni chombo cha kienyeji ambacho kimekuwa na makamishna wa kisheria tangu zama za Waingereza, na kwa karne nzima kimewabakisha watu mahali pao bila kuwaita kivutio. Wakf una matatizo yake ya usimamizi, na warithi wengi wana malalamiko. Hata hivyo msingi wake ni sahihi: humlinda anayeishi, na jengo hulindwa kwa sababu ana haja nalo.

Ndiyo maana naona mjadala wa Mombasa ya zamani umeelekezwa pasipo pake. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,208,333 katika kaunti nzima, na si ajabu mtu wa Kibokoni akajihisi amezama. Lakini mababu zake walizama vilevile katika mawimbi ya Wapaza na Washaka, na waliibuka wakiwa Wamvita. Walichokuwa nacho, na ambacho mjukuu wao hana hakika nacho, ni usalama wa makao: walijua mtaa ni wa nani, nani anaweza kuuza, na mgeni akitaka kujenga amwendee nani. Serikali zilizofuata himaya zilizirithi hati za 1908 pamoja na utata wake, na mpaka leo maelfu ya wenye nyumba katika kisiwa na bara ya Mombasa hawamiliki ardhi iliyo chini ya kuta zao. Hapo ndipo historia inapotuelekeza kutafuta dawa. Hifadhi ivuke mipaka ya Mji wa Kale ifike Majengo na Kengeleni. Rejista ya kila nyumba inayolindwa iandike nani anaishi humo na kwa haki gani, pamoja na umri wa mlango wake. Masimulizi ya wazalia yawekwe sawa na ya waungwana. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone, na Mombasa imeyaishi maneno hayo kwa muda mrefu kuliko ngome yake. Sharti lake ni moja: mwenyeji awe na makao ambayo hakuna awezaye kumng'oa, ndipo aweze kumpokea anayekuja bila hofu.